Kukatika na Kukatwa: Uhakiki wa Lugha ya Kuzimwa Mtandao

Mtandao usipopatikana Wete au Chake Chake, wenyeji wana namna mbili za kulieleza jambo hilo. Ya kwanza ni kusema kuwa mtandao umekatika. Ya pili ni kusema kuwa umekatwa. Tofauti ya maneno hayo kwa sikio ni ndogo, lakini kwa maana ni kubwa. Na mtu atakaye kufahamu yaliyowapata wakazi wa Kisiwa cha Pemba, pamoja na Watanzania wenzao, katika uchaguzi wa mwaka 2020 na ule wa mwaka 2025, atafanya vyema kuanza hapo, kabla hajafika kwenye vifungu vya sheria wala kwenye mikataba ya mataifa.

Wanasarufi huviweka vitenzi hivi katika kauli mbili mbalimbali. Kukatwa ni kauli ya kutendwa. Kukatika ni kauli ya kutendeka. Katika ile ya kwanza mtenda huweza kufichwa, lakini nafasi yake hubaki wazi: asikiaye kuwa kamba imekatwa anaweza kuuliza, na nani? na sarufi humruhusu kujibiwa. Katika ile ya pili nafasi hiyo haipo. Kamba iliyokatika imekatika yenyewe, kwa uchakavu wake au kwa uzito wa mzigo, na hapana Mswahili asemaye kuwa imekatika na fulani. Kauli hii ina adabu yake wala haifai kudharauliwa. Mtoto wa jirani akivunja kikombe, mwenye nyumba humwambia mama wa mtoto kuwa kikombe kimevunjika, na kwa kusema hivyo humwondolea aibu. Hiyo ni stahamala ya watu wanaojuana na wanaotaka kuendelea kujuana. Lakini stahamala apewayo mtoto wa jirani haiwezi kudaiwa na mamlaka yenye kushika mawasiliano ya watu zaidi ya milioni 61, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, ambao kati yao zaidi ya laki tano wanakaa Pemba. (Vijana wa siku hizi wana msemo wa tatu, kwamba mtandao umekata, kana kwamba mtandao wenyewe ndio uliokamata kisu. Huo nao wafaa kuchunguzwa na wanafunzi wa isimu, lakini si hapa.)

Historia ya karibuni imetoa mfano wa kila kitenzi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zile zilizoathirika zaidi, zikaukosa mtandao au zikaupata kwa uzito. Sababu ilitangazwa, na mafundi wakatafuta mahali penye kasoro. Mtandao ulikatika. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mtandao ulitoweka tena nchini, ukaanza kurejea tarehe 3 Novemba. Safari hii wananchi hawakutanguliziwa tangazo, na hapakuwa na waya wa kuungwa baharini. Mtandao ulikatwa. Anayeyasimulia matukio haya mawili kwa kitenzi kimoja hukaa sawasawa na sarufi, lakini huipotosha tarehe ya pili.

Miaka mitano kabla yake jambo lilikuwa na umbo jingine. Tarehe 21 Oktoba 2020 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyaandikia makampuni ya simu kuyaagiza yasimamishe huduma ya kutuma ujumbe na kupiga simu kwa watu wengi kwa pamoja, kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi 11 Novemba. Tarehe 27 Oktoba, siku ya kura ya mapema Zanzibar, Twitter, WhatsApp na njia nyingine za mawasiliano zikawa hazipatikani ila kwa wale waliojua kupita kwa programu za VPN. Siku hiyohiyo Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe huko Pemba na mgombea urais wa Zanzibar kwa chama cha ACT-Wazalendo, alikamatwa na polisi Unguja. Mhakiki anayesoma matukio haya kama asomavyo hati ya kale huona kitu kimoja cha ajabu. Amri ndogo, ya kuzuia ujumbe wa pamoja, ilikuwa na barua, na barua ilikuwa na tarehe. Amri kubwa zaidi, ya kufunga njia zenyewe, haikuwa na karatasi ambayo mwananchi angeweza kuishika mkononi na kuipeleka mahakamani. Kadiri kitendo kilivyokuwa kizito ndivyo maandishi yake yalivyopungua.

Hapa ndipo sarufi inapokutana na haki. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, humpa kila mtu haki ya kutafuta habari, ya kuipokea na ya kuitoa, bila kujali mipaka ya nchi. Humpa uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Na humpa haki ya kuarifiwa wakati wote juu ya matukio yaliyo muhimu kwa maisha yake. Vitenzi vyote vya mwanzo ni vya kutenda na mtenda wake ni mwananchi. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2005 ibara hiyo ilitanguliwa na maneno yaliyoiweka haki chini ya sheria za nchi, yaani mkono wa kulia ulitoa na wa kushoto ukaomba urudishiwe. Mabadiliko ya 14 yaliyaondoa maneno hayo. Ni kweli kwamba ibara ya 30 bado yairuhusu dola kuziwekea haki mipaka kwa ajili ya usalama na maslahi ya umma. Lakini mipaka hiyo yatakiwa iwekwe na sheria, na sheria ni maandishi yasomwayo. Ukimya hauhesabiwi kuwa sheria, hata ukiwa ukimya wa mitambo.

Mpemba ana shida ya ziada katika jambo hili, nayo ni ya kikatiba. Kisiwa chake kina Baraza la Wawakilishi linalokitungia sheria na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inayolinda, katika ibara yake ya 18, uhuru wa kutoa maoni. Lakini posta na simu zimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hivyo mwakilishi wa Micheweni aweza kuiuliza Serikali ya Mapinduzi juu ya skuli, juu ya barabara na juu ya karafuu, lakini swali la nani aliyeuzima mtandao wa Micheweni halina wa kulijibu ndani ya baraza lile.

Yafaa sasa kutazama maandishi yaliyopo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Bara na Zanzibar pia, inamwadhibu katika kifungu cha 16 mtu anayetangaza habari akijua kuwa ni ya uongo, ya udanganyifu, ya kupotosha au isiyo sahihi, akikusudia kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ingekuwa dhuluma kusema kwamba kifungu hiki kimeandikwa ovyo, maana kinadai ujuzi wa mkosaji na kusudio lake. Walakini maneno manne ya mwanzo hayalingani uzito. Uongo ni kitendo cha moyo. Msemaji aujua ukweli akauacha. Jambo lisilo sahihi ni upungufu tu, na kila mtu aliyepata kueleza ajali aliyoiona kwa mbali amesema jambo lisilo sahihi. Kuyafunga maneno hayo mawili katika kamba moja, kisha kumwachia mpelelezi aseme lipi ni lipi, ni kuipa sheria upana ambao mwandishi wa kamusi asingekubali kuupa neno lolote.

Upana huo huwa mzito zaidi mtandao unapofungwa. Mtu aliyesikia milio ya risasi mtaani kwake hana njia ya kujua iwapo aliyoyasikia ndiyo yaliyotokea, kwa sababu njia za kuuliza, kulinganisha na kusahihisha zimeondolewa. Hubaki na fununu, na fununu ndiyo inayoadhibiwa. Mamlaka ile ile inayomnyima raia chombo cha kuhakikishia huja kumdai uhakika.

Kadhalika lugha yenyewe. Sheria ya mwaka 2015 ilitungwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria za nchi. Hivyo neno la kumfunga mtu wa Pemba miaka mitatu liliandikwa kwa lugha ambayo wengi wa waliofungika nalo hawaitumii sokoni wala msikitini. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 nazo ziliandikwa kwa Kiingereza. Kwa mujibu wake mwenye kutaka kuchapisha mtandaoni alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni ya mwanzo, na shilingi 1,000,000 nyingine kila mwaka. Kanuni hizo zimekwisha badilishwa, na ada zikapunguzwa mwaka 2022. Lakini kwa kipimo cha Pemba jumla ile ya awali ilikuwa thamani ya kilo 150 za karafuu kavu za daraja la kwanza, kwa bei ya shilingi 14,000 iliyolipwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar miaka hiyo. Wanaojua namna karafuu inavyochumwa, konyo kwa konyo, na inavyoanikwa juani, wataelewa hizo ni siku ngapi za kazi kwa ajili ya ruhusa ya kusema.

Wapo wanaodhani kwamba kuyachunguza maneno namna hii ni mchezo wa walimu. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, haikudhani hivyo. Tarehe 28 Machi 2019 iliamua kuwa vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na vile vya uchochezi na vya habari za uongo, vinakwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya, na katika hoja zake moja kubwa ilikuwa ni kukosekana kwa mpaka ulio wazi katika maneno yaliyotumika. Majaji walifanya kazi ya mhakiki: walisoma, wakauliza neno hili lamaanisha nini, na walipoona kuwa laweza kumaanisha lolote wakakataa kulipa nguvu. Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Magharibi nayo, mwezi wa Juni 2020, iliamua kwamba Togo ilivunja haki ya kutoa maoni ilipouzima mtandao mwaka 2017.

Pemba ina kumbukumbu yake inayolifanya jambo hili lisiwe la vitabuni. Mwezi wa Januari 2001, baada ya maandamano ya chama cha CUF, askari walifyatua risasi Wete, Micheweni na Chake Chake. Simu za mkononi zilikuwa chache na mtandao haukuwapo vijijini. Habari ilitoka kwa majahazi na mashua, ikabebwa na wakimbizi zaidi ya 2,000 waliovuka hadi Shimoni katika pwani ya Kenya. Huko walisema na waliandikwa. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu watu 31 waliokufa; shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka 2002, likataja si chini ya 35. Hesabu mbili zinazotofautiana ni jambo la huzuni, lakini ni jambo linalojadilika: kila moja ina mwenyewe, na msomaji aweza kuzilinganisha. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Oktoba 2020 palitokea tena vurugu Pemba. ACT-Wazalendo ilisema watu wameuawa kwa risasi, polisi ilikanusha. Siku iliyofuata njia zilifungwa, na kauli mbili hizo zikabaki zikitazamana bila ya picha, sauti wala ushahidi ambao ungezitenganisha. Mwaka 2025 mambo yalikuwa makubwa zaidi, hasa Bara, na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba haikuweza kuthibitisha idadi ya waliofariki, ikataja hali ya usalama na kuzimwa kwa mtandao kuwa sababu.

Kitenzi kimoja humwita mwenziwe. Mtandao ukisemwa kuwa umekatika, basi watu nao husemwa kuwa wamekufa, wala si kuwa wameuawa. Na kufa, kama kukatika, hakuna mtenda.

Serikali ina hoja yake, na haifai kupitwa kwa haraka. Hoja ni kuwa maneno ya chuki husafiri upesi kuliko gari la polisi, na kwamba picha ya uongo yaweza kuamsha fujo katika mji ambao ulikuwa umetulia. Hilo ni kweli. Lakini kweli hiyo ina mfano wake katika jirani ya karibu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, Kenya ilipokuwa inawaka moto baada ya uchaguzi na ujumbe wa chuki ukipita katika simu, lilijadiliwa wazo la kuzima huduma ya ujumbe mfupi. Mkuu wa kampuni ya Safaricom, Michael Joseph, alishauri jambo jingine, na wateja wakapelekewa ujumbe wa kuwataka watulie na kudumisha amani. Njia iliyokuwa ikibeba sumu ilitumika kubeba dawa. Ama kuzima, mifano yake katika eneo hili ni mingi na haina cha kujivunia. Kongo ilizima kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 kwa muda wa siku 20 hivi, na Uganda ilizima katika uchaguzi wa Januari 2021. Hakuna katika nchi hizo iliyoonyesha kwamba matokeo yake yaliaminiwa zaidi kwa sababu raia walikuwa gizani.

Tena ipo hoja nyingine ambayo haitoki serikalini, inatoka kwa wapenzi wa fasihi, nayo ni ya hatari zaidi kwa sababu ni tamu. Husemwa kwamba Waswahili walizungumza kabla ya mtandao na watazungumza baada yake; kwamba kizuizi hukinoa kisu cha mshairi; kwamba palipofungwa mdomo palizaliwa fumbo. Pemba hutajwa kuwa ushahidi, maana ni nchi ya Kamange na Sarahani, waliotunga mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao tungo zao zilipita kutoka kinywa hadi kinywa bila leseni ya mtu. Lugha na ushairi wa kisiwa hicho ulimvuta Whiteley, ambaye kitabu chake juu ya lahaja na tungo za Pemba kilitolewa mwaka 1958. Tungo za magwiji hao wawili zilikuja kupigwa chapa pamoja mwaka 2011, katika *Kale ya Washairi wa Pemba*, na mhariri wa kitabu hicho ni Abdilatif Abdalla, mtu aliyetiwa gerezani Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, na ambaye huko gerezani alitunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki* na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Hakuna mfano unaonukuliwa zaidi ya huo na wale wasemao kwamba dhiki ni mama wa sanaa.

Lakini hoja hii haisimami. *Sauti ya Dhiki* ni kazi kubwa kwa sababu ya mtunzi wake, na gereza halistahili sifa hata ya ubeti mmoja. Wangapi walifungwa wasitoke na diwani? Tena fumbo ni sanaa ya mtu mwenye wasaa na msikilizaji mwenye ufunguo. Familia za Kipemba zimetawanyika Unguja, Mombasa, Maskati na Dubai, na katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam. Mtandao ndio baraza wanapokutana. Mzazi aliye Konde, ambaye mwanawe yuko Dar es Salaam siku ya fujo, hataki fumbo. Anataka neno moja lililo wazi: mzima. Mhakiki anayeusifu ukimya kwa uzuri wa mashairi yatakayotoka humo amehama kutoka upande wa wasomaji akajiunga na walinzi wa lango, pengine bila ya kujua.

Wala historia ya Zanzibar haithibitishi kuwa kufunga huleta utulivu. Mwaka 1954 wakoloni waliwashitaki kwa uchochezi viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa makala zilizochapwa katika gazeti la *Al-Falaq*. Mwaka huohuo redio ya Kairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na yaliyozuiwa gazetini yakasikika mikahawani. Mwezi wa Novemba 2003 gazeti la *Dira*, lililoongozwa na Ali Nabwa, lilipigwa marufuku na Serikali ya Zanzibar. Katika visa hivyo viwili, hata hivyo, mtenda alijulikana. Palikuwa na hati ya mashitaka, palikuwa na amri. Mtu aliweza kusema, gazeti limefungwa na fulani, kwa sheria fulani, siku fulani. Ndiyo maana leo visa hivyo vyaandikika.

Mwezi wa Januari 2026, alipozungumza na mabalozi, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza masikitiko yake kwa wananchi na wageni kwa usumbufu walioupata, pamoja na ule wa kukosa mtandao. Maneno ya kusikitika yana thamani yake, nayo yalingojewa. Lakini kabla ya hapo, mtandao ulipoanza kurudi tarehe 3 Novemba 2025, andiko la kwanza la dola lililoingia katika simu za watu lilikuwa ni ujumbe mfupi wa Polisi. Uliwaonya wasisambaze picha au video zenye kuleta taharuki au kuvunja utu wa mtu, na kwamba kufanya hivyo ni kosa na hatua kali za kisheria zitachukuliwa. Ujumbe huo ulimtaja bayana mtenda mmoja, ambaye ni raia mwenye simu na picha zake. Aliyeuzima mtandao kwa siku zile hakutajwa humo, hata kwa kauli ya kutendeka.